Jiwe Kwenye Kona ya Shamba Langu

Katika mtaa wetu hakuna mwanamke wa rika langu anayeniweza kwa gemu. Niseme na nusu iliyobaki: wa rika langu tumebaki wawili, na mwenzangu macho yamemchoka. Tena mtoto wa jirani, ambaye bado anafungwa kamba za viatu, alinifunga mabao tisa kwa bila, akaomba maji ya kunywa, akarudi akanifunga la kumi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule nilimaliza ya msingi tu, lakini futi ya kupimia naisoma hata juu chini. Mashine ya gemu ililetwa nyumbani na mjukuu wangu, muuguzi, aliyekuja kukaa nasi alipopata kazi hospitali ya karibu. Aliiunganisha kwenye TV ya sebuleni, na siku hiyohiyo babu yake akatangaza vita.

Mume wangu ni mpima ardhi mstaafu. Mtaani wanamwita Bwana Mipaka, maana akiona ukuta umepinda hapati usingizi. Siku tuliyohamia nyumba hii alivuta kamba kutoka dirishani hadi mlangoni ili kitanda kikae sawa, na mimi nimesimama nje na godoro kichwani.

"Huo ni upuuzi wa watoto," alisema kuhusu mashine. "Hata inapowashwa sitaki kupajua."

"Usipajue, mume wangu," mjukuu akamjibu. "Mimi na mke mwenzangu tunapajua."

Mke mwenza ndiye mimi. Tukakaa chini, tukacheza.

Sasa niwape maoni yangu, maana wengi wanasema juu ya gemu na hawajazigusa. Lile la mpira ni zuri kwa mwenye vidole vya ujana. Mimi dole gumba langu lilivimba, na refa ukimtukana hasikii, kwa hiyo hakuna raha. La magari nililipenda sana. Unagonga mti, gari linabiringika, halafu linajirudisha lenyewe barabarani, wala hatokei askari kukuuliza leseni. Mjukuu aliniambia lengo si kugonga miti. Nikamwambia kila mtu na lengo lake.

La mapigano nilimchagua mwanamke mmoja mwenye gauni refu. Alikuwa anaruka, anapinduka, miguu juu, na pindo la gauni halipandi! Nikasimama niangalie ule mpasuo wa pembeni ulikatwaje. Nikiwa hapo naangalia, akapigwa teke akafa. Lakini mpasuo niliupata, na mpaka leo nawashonea wateja.

Ila ukiniuliza lililonikaa moyoni, ni lile la zamani la vitofali vinavyoshuka, lililokuwa kwenye kidude cha mkononi cha betri mbili. Mwanangu alikisahau nyumbani alipooa, nikakihifadhi kwenye droo ya cherehani, nikamwambia sikukiona. Kupanga vile vipande visiache pengo ni sawasawa na kupanga vipande vya gauni kwenye kitambaa kidogo, ila hapa hakuna mteja wa kulalamika kwamba kwapa linabana. Mteja akija kuuliza nguo yake namwambia, "Bado kidogo mama, nakata." Sikuwa namwambia nakata nini. Kilipokufa kidude kile nilikaa siku mbili sina hamu na chakula.

Nilidhani sitapata tena gemu la kulipenda hivyo, mpaka mjukuu aliponifungulia lile la shamba. Unapewa kipande cha ardhi, jembe na ndoo. Unapanda, unamwagilia, unazungushia uzio, unafuga ng'ombe mmoja asiyenuka. Mgongo hauumi. Nikapanda nyanya, nikajenga uzio wangu mwenyewe. Sikatai, uzio ulikwenda kama pindo la mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini ng'ombe hakulalamika. Mjukuu akanifundisha na kusevu, yaani kabla hujazima unaiambia mashine ikumbuke ulipoishia, la sivyo jasho lako lote limepotea. Kila jioni nikitoka kwenye kibanda changu cha kushonea, naoga, nakaa, nalima.

Halafu mjukuu akapata uhamisho wa kwenda hospitali ya mbali.

"Bibi, naondoka Jumamosi," akasema tukiwa mezani. "Mashine nikuachie?"

Nilitaka kuitikia kabla hajafunga mdomo, lakini babu yake aliwahi.

"Mpelekee mjomba wako, aliiomba. Hapa hakuna anayeihitaji, na mimi TV nataka kusikilizia taarifa ya habari."

"Bibi anaihitaji, Babu."

"Bibi yako ana cherehani."

Mjukuu akanitazama. "Bibi, mimi siwezi kuwaachia ugomvi ndani ya nyumba. Babu akikubali, inabaki. Akikataa, inakwenda kwa mjomba."

Na shamba langu lilikuwa ndani ya mashine hiyo. Ikienda mashine, zinakwenda nyanya, anakwenda ng'ombe. Nikaomba kwa upole, akakataa. Nikanuna, hakuona. Nikampikia vizuri, akala, akashukuru, akakataa.

Ijumaa jioni nikakaa mbele ya TV kuliaga shamba. Nikaliwasha, nikafikiri nimekosea, nimeingia kwa mtu mwingine. Nyanya zilikuwa zimeshamwagiliwa. Ule uzio wangu wa kupindapinda ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi, kona zote nne sawasawa. Na kwenye kila kona, jamani, limewekwa jiwe.

Mjukuu alikuwa ameshinda hospitali akiaga wenzake. Mimi nilikuwa kibandani tangu asubuhi. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu, na mtu huyo nimeishi naye miaka arobaini na moja. Bustani yetu ya nyuma ina jiwe kila kona, na banda la kuku lina jiwe kila kona, ingawa kuku wenyewe hawajawahi kugombania mpaka.

Nikaweka mkono nyuma ya TV. Ilikuwa ya moto kama birika, na mimi ndiyo kwanza nimeiwasha. Nikazima, nikaenda kumenya vitunguu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na vitunguu vikabeba lawama.

Jumamosi asubuhi mabegi yalikuwa mlangoni na mashine ndani ya boksi, imeshapigwa gundi ya karatasi. Babu alikaa kwenye kiti chake na redio yake, uso umekunjwa kama shahidi mahakamani.

"Babu, neno lako la mwisho?" mjukuu akauliza.

"Nimeshasema. Mimi kitu hicho sijakigusa hata siku moja. Kiondoke."

"Hujakigusa kabisa?" nikamuuliza.

"Kabisa!"

"Basi na kiende tu," nikasema, nikakaa chini kinyonge. "Hata hivyo hakina faida tena. Jana jioni nilibonyeza pasipobonyezwa, shamba lote likafutika. Nyanya, ng'ombe, uzio. Limebaki vumbi."

Mzee akaruka kitini. Redio ikaanguka.

"Limefutika vipi? Haliwezi kufutika! Jana saa kumi nimesevu mwenyewe!"

Mjukuu akamgeukia babu yake.

"Umefanya nini, mume wangu?" mjukuu akauliza, taratibu.

"Nani? Mimi? Nimesema… bibi yako husema. Kusevu. Nilimsikia akisema."

"Saa kumi nilikuwa kibandani nashona," nikasema.

"Labda redioni, basi. Siku hizi redioni wanazungumzia mambo mengi."

Mjukuu alipiga magoti, akaanza kubandua gundi kwenye boksi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi nilikaa palepale, namtazama mpima ardhi wangu, nikisubiri. Akaokota redio, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka katikati kabisa ya meza.

"Nyanya sikuzigusa," akasema. "Mimi nilinyoosha uzio tu."

"Na maji zilijimwagia?" nikamuuliza.