Kinywa cha Lukumani

Mimi sikutaka kuwa msemaji wa ile filamu. Emile ndiye aliyenichagua, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa safi na kwa sababu, alisema, nilikuwa rafiki wa marehemu. Hiyo sababu ya pili ilinikera. Tangu lini rafiki akapewa kazi ya kumsema vibaya marehemu wake mbele ya watu?

Wazo lenyewe lilikuwa zuri mwanzoni. Mwalimu wetu, Monsieur Hubert, alikuwa na kamera, akatuambia sisi wa darasa la mwisho tupange filamu juu ya jambo moja la Kisangani. Wengine walitaka maporomoko, kama kwenye kadi za posta. Emile na mimi tukachagua lugha ya vijana wa mitaa yetu, ile waliyoanza kuitunga wenyewe tangu bwawa la Tshopo lilipoleta umeme mjini. Kwao msichana mrembo alikuwa ampoule, ile taa ya kioo. Mama mzazi alikuwa Centrale, kama mtambo wa bwawani, kwa kuwa kila kitu hutoka kwake. Wakikutana waliulizana, "Courant iko?" yaani umeme upo, na mwenzako alipaswa kujibu, "Iko!" Asiyejibu alikuwa amekukana.

Bingwa wao alikuwa Lukumani, mbeba mizigo wa bandarini, jirani yangu tangu utoto. Maneno mengi yalizaliwa kinywani mwake. Monsieur Hubert akaenda peke yake uani kwao kujaribu mwanga kabla ya kazi yenyewe, Lukumani akaongea mbele ya kamera hadi utepe ukaisha. Utepe ukapelekwa Ulaya kwa ndege kusafishwa, maana hapa hapakuwa na wa kuusafisha. Kabla haujarudi, homa ilimchukua Lukumani. Tulimzika mvua ikinyesha, na wale wabeba mizigo wenye mabega mapana walilia bila kujificha. Mimi pia nililia, wala sioni aibu kusema.

Utepe uliporudi, Emile akaandika mpango mpya. Kamera ile ilichukua picha tu, bila sauti. Siku ya kuonyesha, msemaji alitakiwa kusimama kando ya ukuta na kuwaeleza watu wanachokiona. Kwa hiyo maneno ya msemaji ndiyo yangekuwa maneno ya Lukumani milele. Na Emile alikuwa ameandika: "Tazameni kijana huyu aliyepotea, aliyesahau lugha ya baba zake." Alitumaini wakubwa wa serikali wangefurahi na kutupa ukumbi mzuri kule Makiso, katikati ya mji.

"Emile, hauna haya?" nikamuuliza.

"Bon. Weye unajua alisema nini siku ile?"

Sikujua. Monsieur Hubert naye hakujua Kiswahili.

"Donc tutaandika ya kwetu," akasema.

Kutojua huko kuliniuma kuliko karatasi yake. Nikasema walau mama yake aulizwe; akikataa, basi, filamu ife. Emile akakubali upesi mno. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba Mama Lukumani aliichukia lugha ile. Aliiita lugha ya wahuni, na mwanawe akiileta nyumbani alifukuzwa hadi barabarani kwa mwiko wa fufu, ule ugali wetu wa muhogo.

Alikuja alasiri moja baada ya arobaini, amejitanda kitambaa cheupe. Tukafunga madirisha ya darasa, Monsieur Hubert akawasha mashine. Lukumani akatokea ukutani, shati amechomekea, mikono haitulii, mzima kabisa. Mama yake akashika benchi kwa mikono miwili.

"Mbona hasemi?"

"Mama, mashini inakamata sura tu," nikamwambia. "Sauti haikamate."

"Alors mulichukua kinywa ya mutoto yangu, mukaacha sauti?"

Emile akakohoa, akafungua karatasi yake. "Tazameni kijana huyu aliyepotea..."

"Nyamaza," mama akasema, bila kupaza sauti.

Ukutani, mlango nyuma ya Lukumani ulifunguka. Akatoka yeye mwenyewe, Mama Lukumani, mwiko mkononi. Lukumani akageuka, akacheka, akamwambia neno fupi. Mama wa ukutani akainua mwiko, midomo ameibana, akarudi ndani. Lukumani akabaki akiutazama mlango kidogo. Alipotugeukia tena alikuwa bado anatabasamu, ila furaha ilikuwa imepungua. Kisha ukuta ukawa mweupe mtupu.

Mama hakulia. Alikaa akiutazama ule weupe.

"Aliniuliza," akasema. "Kila siku akitoka kazi alikuwa ananiuliza vile. Centrale, courant iko? Na miye sikumujibu hata mara moja. Niliwaza niko namufundisha adabu."

Emile alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Hakuitoa tena. Nilikuwa nimemkasirikia kwa majuma mengi, lakini pale nilimwonea huruma.

"Rudisha," mama akasema. Monsieur Hubert hakuhitaji kutafsiriwa. Alipokuwa anaurudisha utepe, mama akanigeukia. "Augustine, weye unajua namna alikuwa anasema. Simama pale. Sema ile yake."

Nikasimama kando ya ukuta, mahali pa msemaji. Lukumani akaja tena na mikono yake, mlango ukafunguka, akageuka akicheka. Nikasema kama yeye, nikiivuta silabi ya mwisho alivyozoea kuivuta:

"Centrale, courant iko?"

"Iko, mutoto yangu," mama akajibu kutoka gizani. "Courant iko."

Ukutani, yeye mwenyewe alikuwa ameshainua mwiko.