Visigino vya Mama Miwani

"Askari wa pembeni msogeze mbele tena," alisema Mwalimu. "Hapo hapo. Sasa mlete mfalme wako."

Niliweka kete juu ya kitambaa cha meza. Upande wa pili wa meza foronya za nyumba ya wageni zilikuwa bado na unyevu, nami nilikuwa nimeizima pasi katikati ya kazi. Mwalimu ndiye nahodha wetu. Amestaafu kufundisha, lakini akikwambia weka kitu hapo, unaweka.

"Askofu wa Mama Miwani?"

"Anatembea kwenye nyeupe," nilisema. "Hilo nina hakika nalo. Alikuwa karibu na katikati."

Nikamweka askofu kwenye mraba mweupe, karibu na katikati.

Klabu yetu ya chesi hukutana hapa kwenye duka langu la udobi, baada ya wateja kuondoka. Kikosi ni watu wanne: Mwalimu, mimi, Kinyozi na Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ni muuguzi. Siku hiyo mchana tulikuwa kwenye mechi ya mwisho ya ligi. Kinyozi alishinda, Shemeji akatoka sare, Mwalimu akafungwa. Mchezo wangu na Mama Miwani, mpinzani wangu, ukabaki peke yake, na wenye ukumbi wakaja kudai ukumbi wao kwa ajili ya harusi. Tutaumalizia kesho. Nikipata sare, tunabaki daraja la kwanza. Nikifungwa, tunashuka, na Shemeji alikwisha kusema wazi kwamba tukishuka yeye anahamia klabu nyingine. Watu watatu si kikosi.

Ligi yetu ina utaratibu wake mchezo unapokatizwa. Kuna kabati ukumbini, na ndani yake, kwenye rafu, umewekwa ubao mdogo. Mwamuzi hupanga humo kete zote kama zilivyo mezani. Mwenye zamu huingia nyuma ya mlango wa kabati, hucheza hatua moja bila kuonekana, kisha mwamuzi hufunga na kuuvaa ufunguo shingoni. Zamu ilikuwa ya Mama Miwani. Alikaa nyuma ya ule mlango muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeketi, naangalia sehemu pekee ya mwili wake iliyoonekana: miguu yake, chini ya mlango.

"Visigino vyake viliinuka," niliwaambia wenzangu. "Mara moja, halafu vikashuka."

Shemeji alicheka mpaka chai ikamtikisika mkononi. "Mwalimu, unasikia? Tumetoka kusoma vitabu, sasa tunasoma visigino."

"Mwache," alisema Mwalimu. "Tuangalie kwanza ubao."

Mambo yalikuwa hivi. Mama Miwani alikuwa na mfalme, askofu na askari wawili, mmoja wa pembeni kabisa, mwingine wa ndani zaidi. Mimi nilibaki na mfalme na farasi. Nikimtoa farasi wangu sadaka kwa kumla yule askari wa ndani, atabaki na wa pembeni tu, nami nitamkimbiza mfalme wangu kwenye kona ambayo askari huyo anaielekea. Askofu hutembea rangi moja maisha yake yote. Kona ikiwa ya rangi isiyo yake, hawezi kunigusa humo. Nitakaa kama mpangaji mkaidi, na mchezo utakuwa sare. Kona ikiwa ya rangi yake, atanifukuza, na askari atapita.

Kinyozi alikuwa amerudi kwa wateja wake; sisi watatu tuliiangalia kona. Ilikuwa nyeupe.

"Basi," alisema Shemeji polepole. "Askofu anatembea nyeupe, kona nyeupe."

Mwalimu alijaribu kumpeleka farasi huku na huku, akamrudisha. Nilijaribu na mimi. Kila njia iliishia palepale. Shemeji alichukua foronya moja akaanza kuikunja ingawa haikuwa imepigwa pasi, na mimi sikumkataza. Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: kama ushindi ulikuwa wazi hivi, Mama Miwani alikuwa anafikiria nini kule kabatini muda wote ule?

"Chai yangu iko wapi?" aliuliza Mwalimu. Alikuwa anapapasa kulia kwake bila kuinua macho.

"Ipo mahali pake," alisema Shemeji.

"Haipo."

"Mwalimu, nimeiweka kwenye alama ya pasi, kama siku zote."

Hapo nikatazama. Kitambaa chetu ni cha miraba ya bluu na nyeupe. Kiliachwa na mteja ambaye hakurudi, nami nilikishona uzi mwekundu kuzunguka miraba minane kwa minane ili tuchezee. Kwenye pembe moja, nje ya uzi, kuna alama ya kuungua, kosa langu mwenyewe. Mwalimu hukaa alama ikiwa kulia kwake, na kikombe chake hukaa juu yake. Ndivyo tunavyojua kitambaa kimekaa sawa. Hatuna njia nyingine, na hatujawahi kuihitaji.

Kikombe kilikuwa kushoto kwake.

"Mwalimu, leo umekaa wapi?"

"Kwenye kapu. Kigoda changu kina mashuka yako."

Alikuwa amekaa upande wa mlangoni, na mimi nikapanga kete kumwelekea yeye, kama kawaida. Kitambaa kilikuwa ubavu. Kila palipotakiwa kuwa na bluu pamekuwa na nyeupe, na askofu nilimweka kwa kukumbuka rangi, si kwa kuhesabu miraba.

Tuliziondoa kete, tukakizungusha kitambaa, tukazipanga upya. Askofu kwenye nyeupe. Kona ikawa ya bluu.

"Subhana!" alisema Shemeji. "Tulikuwa tunajizika wazima."

"Usishangilie," alisema Mwalimu, ingawa sauti yake ilikuwa imechangamka. "Kama kule kabatini amemsogeza askari wa ndani, farasi hamfikii tena. Akiwa amecheza kingine chochote, tuna sare."

Wote wawili wakanigeukia.

"Hebu rudia," alisema Shemeji. "Hivyo visigino."

Niliondoa sabuni kwenye rafu iliyo usawa wa kifua, kama ile ya kabatini, nikaweka sinia, na juu yake kete mbili kwa umbali uleule. Askari wa ndani alikuwa karibu na katikati, wa pembeni alikuwa mbali, kuelekea kona. Shemeji akasimama mbele ya rafu. Alimgusa wa ndani, visigino vikatulia. Alipomfikia wa pembeni, viliinuka.

"Wa pembeni!" nilisema.

"Ngoja kwanza," alisema Mwalimu, akasimama yeye. Ni mfupi kuliko Shemeji. Kwake visigino viliinuka kwa wote wawili.

Mwalimu alirudi kuketi kwenye kapu.

"Mama Miwani ana urefu gani?" aliuliza.

Nilifikiri. Nilimkuta ameketi. Alipoinuka kwenda kabatini nilikuwa nimeinamia ubao. Baada ya hapo niliona miguu tu, na alipotoka watu wa harusi walikuwa wamejaa kati yetu.

"Sijui," nilisema. "Mchana kutwa nimekaa naye, na sijui."

"Labda alikuwa anajinyoosha mgongo tu," alisema Mwalimu.

"Labda."

Shemeji aliiweka ile foronya iliyokunjwa ovyo juu ya nyingine. "Kesho nitapita mapema, twende pamoja," alisema. "Nataka nimwone akisimama kabla kabati halijafunguliwa. Hizo kete usiziguse."

"Na foronya za watu?"

"Zitasubiri. Halafu kuna njia ya farasi kupita nyuma, hatujaiangalia."

Mwalimu alikuwa amekwisha kuichukua chai yake, imepoa, anainywa huku ameikazia macho ile njia ya nyuma. Nilizirudisha foronya kwenye kapu, zikiwa bado na unyevu, maana meza ilikuwa na kazi nyingine.