Mgomo wa Chapati

Jumapili asubuhi, mwanzo wa wiki ya shule katika nchi za Waarabu, Lulwa aliisukuma sahani polepole, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

"Sitaki, dada. Asante."

Nasra, yaya wake, alibaki na mwiko mkononi. Zilikuwa chapati za maji zenye iliki, ambazo mtoto huyu alizigombania tangu alipoota meno. Alionja moja. Chumvi sawa, sukari sawa. Lulwa akapaka jibini mwenyewe kwenye mkate mkavu, akakimbilia basi la shule.

Jumatatu alijifulia sare pamoja na soksi nyekundu, shati likatoka na rangi ya waridi. Jumanne Nasra alikuta kitanda cha Lulwa kimeshatandikwa, shuka limejikunja na mito imelala upande kama walevi. Hakuachiwa hata kikombe cha kuosha. Mtoto aliyemlea tangu anatambaa, akamfundisha Kiswahili mpaka akawa anaota kwa Kiswahili, sasa alimpita jikoni akiangalia sakafu. Nasra alijinusa viganja, akabadili sabuni.

Alimpigia Milka, rafiki yake Mkenya, mlinzi wa duka moja katika mtaa wa Najma.

"Hapo umechokwa, mamii," Milka alisema huku akicheka. "Mtoto wa tajiri akianza kujifulia, yaya anarudishwa kwao. Panga sanduku mapema."

"Usinitanie, Milka."

"Kwani ulimchapa?"

"Mimi? Nimchape Lulwa?"

Jumatano mama mwenye nyumba alimwita sebuleni. "Binti yangu hali chakula chako. Umemfanya nini?"

"Sijui, madam," Nasra alisema.

"Kama hujui, nitawapigia mawakala waliokuleta. Watanitafutia mwingine."

Nasra alipanda ngazi. Lulwa alikuwa chumbani akipambana na pasi, mkono wa shati ukiwa na mikunjo mingi kuliko mwanzo. Nasra alikaa chini, kwenye zulia.

"Lulu, nimekukosea nini?"

Mtoto aliiweka pasi pembeni. "Hujakosea. Ni historia tu."

"Historia gani?"

Lulwa alieleza haraka haraka, masikio yamemwiva. Mwalimu aliwafundisha kuhusu Wamarekani wa karne ya kumi na tisa waliopinga utumwa. Baadhi yao walikataa kula sukari ya miwa iliyolimwa na watumwa, wakakataa pia nguo za pamba iliyovunwa na watumwa hao. Walitumia sukari ya utomvu mtamu wa miti. Walisema anayekula ana sehemu yake katika dhambi.

Nasra alimtazama. "Kwa hiyo mimi ni mtumwa?"

"Sijasema hivyo, dada." Sauti ilianza kukatika. "Lakini Ijumaa, watu wote wakipumzika, wewe hupumziki. Hata mara moja."

Nasra alitaka kucheka, akashindwa. Mshahara alipata. Pasipoti alikuwa nayo mwenyewe, kwenye droo. Ijumaa wageni huja, na wageni lazima wale. Hakuwahi kulifikiria zaidi ya hapo. Alihisi kama amevuliwa nguo na mtu anayempenda.

"Hao watumwa," aliuliza, "waliambiwa kwamba sukari inakataliwa kwa ajili yao?"

"Mwalimu hakusema."

"Maana mimi sikuambiwa. Mama yako anataka kunirudisha kwa sababu huli."

Lulwa aliziba mdomo kwa shati la waridi. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alilia kimya kimya, na Nasra akamfuta, asijue kama anamwonea huruma au anamkasirikia.

Jioni Nasra alipika chapati zile zile. Mama alikaa mwishoni mwa meza, akitazama. Lulwa alichukua chapati, akaishika bila kuila.

"Nitakula," alimwambia mama yake kwa Kiarabu, "lakini Ijumaa Nasra apumzike."

Mama aligeuza shingo. "Nasra, umemtuma wewe?"

Kusema hapana kulikuwa rahisi, tena ndio ukweli, na mambo yangeishia hapo. Nasra aliiona ile chapati bado nzima mkononi mwa mtoto.

"Sikumtuma, madam," alisema. "Lakini ningependa."

Hata yeye alishtuka. Angekwenda wapi hiyo Ijumaa?

Mama alisogeza bakuli la asali karibu na binti yake. "Ijumaa hii wageni wanakuja."

Lulwa aliuma chapati. "Na ijayo?" aliuliza, mdomo umejaa.

Jikoni kikaango kilianza kunuka kuungua. Nasra alikisikia, lakini hakuondoka. Naye alikuwa akingoja jibu.