Roshani ya Bi Sayyida

...kisanduku tu kwenye karatasi, kisanduku ndani ya ukuta, hakitokezi nje hata shubiri, na Zuweina, aliyemaliza sekondari na anajua kusoma ramani, anakitazama tena asije akawa kakosea, mwanawe Saeed mapajani, mkono umemkaza kiunoni, maana mtoto ana miezi minne na tangu azaliwe yeye humwona akilini akianguka, dirishani, ngazini, kila siku... "Nnataka nyumba ya kusini," mama mkwe wake, Bi Sayyida, anamwambia mhandisi ofisini mwake, na mhandisi, Muhanna, kijana wa watu, kwa adabu, kama kwa mama yake mdogo, "Kusini, yaani Salala, khala?" "Salala ya wapi! Unguja, baba, tulikozaliwa sisi!" na Msellem, mume wa Zuweina, anacheka, "Taja tu mama, hata mvua ya Unguja atakuchorea," naye mama anataja, mlango wa njumu, baraza za mawe, kuta nene za kulizuia jua, na roshani, usisahau roshani, nkae juu nione wapitao... "Rozana ipo, khala, nimeshaiweka," na hapo ndipo penye kosa, kwa kina bibi yake Zuweina kule Samail rozana ni shubaka la ukutani, hukaa chetezo na msahafu, basi mama anaota kibaraza cha mbao kilichoning'inia juu ya njia na mhandisi kampa shubaka, na hakuna mwingine aliyeona, akinyamaza litajengwa hilo hilo, hakuna mahali pa juu, hakuna kichwa kidogo kikichungulia baina ya mbao, nyamaza, Zuweina, nyamaza... huko chini ya ofisi mafundi wa mtaa huu wa Ghala wanachomelea chuma, mlio mrefu kama wa nyuki, na macho wazi vile vile anaiona nyumba, nyeupe, imezeeka kabla ya kujengwa, inanuka chokaa mbichi, Bi Sayyida yuko roshanini na kanga yake anataniana na watu wa njiani, na yeye Zuweina yuko chini, salama, kakaa mkekani, hapana ngazi, hapana dirisha, na mtoto... mtoto anaanguka, anaanguka kutoka wapi na hapa ni chini, anatoka mikononi mwake, mikono imelegea yenyewe, basi si roshani, haikuwa roshani hata siku moja, ni hii mikono, na hata wakimjengea nyumba isiyo na ghorofa mtoto ataanguka tu... "Haya, nipige muhuri?" Muhanna kaushika muhuri juu ya karatasi, Bi Sayyida kageuka, "Mbona kimya, mwanangu, hukuipenda nyumba yangu?" na muhuri uko pale pale hewani, Msellem bado anatabasamu, Saeed anatafuna ncha ya shela, na Zuweina anafungua kinywa, maneno ya rozana yapo lakini yatangoja kidogo, kwanza haya, ambayo hata Msellem hajaambiwa, "Mama, nipokee mtoto, naiogopa mikono yangu."