Bibi Aonja Dawa ya Chiriku

Wee! Siku hiyo fundi cherehani hakukaa wala hakutulia. Bintiye, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa domo lake lisilopumzika, alikuwa amepata nafasi kwenye majaribio ya dawa mpya ya selimundu, ule ugonjwa wa damu. Miaka yote mtoto analia mifupa, anawatazama wenzake dirishani wakicheza. Leo, hospitalini, dawa ile pale, ndani ya kikombe kidogo cha plastiki!

Tatizo bibi, mama mzazi wa fundi.

"Mjukuu wangu si panya," alisema. "Kajaribuni kwa watoto wenu."

Daktari, bila kuchoka, akaeleza tena: watu wazima wameshaitumia, na mtoto anaweza kujitoa wakati wowote. Fundi, mama wa mtoto, alishakubali, Chiriku mwenyewe alishakubali. Bibi akaketi. Fundi akashusha pumzi, akidhani yameisha.

Yaishe wapi! Tangu Chiriku azaliwe, hakuna uji wala dawa iliyomfikia kabla bibi hajaonja. Nesi alipogeuka tu kuvaa glavu, bibi akanyakua kikombe akapiga funda.

"Kama ni sumu, ianze na mimi!"

"Mama! Umetumaliza!" fundi alipiga kelele.

Nesi alishika kichwa. Daktari akasema dozi ile imepimwa kwa uzito wa mtoto, sasa haifai. Na asipoanza leo, nafasi yake anapewa mwingine. Akakimbilia simu kuuliza stoo kama kuna chupa ya akiba. Fundi roho juu, anatamani kulia, anatamani kugomba, hajui aanze na lipi.

"Nisamehe mwanangu," bibi alisema, amenywea kabisa. "Mkono umezoea."

"Ipo!" daktari akaita. Fundi aliruka, nusura aangushe kiti. Bibi akaamriwa akae palepale, naye aangaliwe hali yake.

Dozi nyingine ikaletwa. Safari hii nesi hakuiacha itoke mkononi mwake.

"Tamu hiyo, mjukuu wangu," bibi akasema.

Chiriku akaimaliza yote. Uso ukamkunjamana. "Bibi, umenidanganya! Chungu hii!"

"Ningesema chungu, ungekunywa?"

"Ningekunywa. Mimi nataka kukimbia."

Bibi akamvuta mjukuu wake kifuani, akamshika hivyohivyo, na fundi akawa analia na kucheka kwa pamoja bila kumwonea mtu aibu.