Gobori Lililofuata Ng'ombe

Uligeuza uso. Usiniambie hukuwapo, siku ile uwanja wa boma la Mpwapwa ulijaa, na wewe unayejua kusoma ulikuwa ukitazama kucha zako wakati baba yangu, Matonya, anafungwa mnyororo. Sijasahau. Lakini leo naandika kwa kushukuru, basi soma.

Baba alikuwa na gobori moja, lina cheti cha boma. Cheti kilisema mwenye bunduki asimpe mtu mwingine "bila sababu ya haki." Haki ipi? Hakikusema. Mwaka wa kwanza akida, msimamizi wetu wa serikali, alikubali kwamba fisi ni sababu. Mwaka wa pili, fisi walewale, jirani yetu akanyang'anywa bunduki na kuchapwa.

Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia humo, wamekwisha wote. Baba aliwaweka wengine Haneti kwa rafiki yake Mbwana, Mrangi. Chui alipoanza kula ndama, baba akapeleka na gobori. Kwake hilo halikuwa kosa: ng'ombe wakilala kwa rafiki, ulinzi nao hulala huko. Askari wakalikuta kwa Mbwana, wakaja kumkamata mwenye cheti. Akida akataka viboko ishirini na tano, na gobori lisirudi. Ng'ombe wale wangeachiwa chui.

Nilikisoma kile cheti mara kumi. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kurasa nilizookota misheni. Nilitaka kumrukia akida. Ningepata nini? Baba angepata mwenzake kwenye mnyororo tu.

Aliyetuokoa ni Kuluthumu, mke wa Mbwana. Alitembea siku nne kutoka Haneti, furushi kichwani. Alipompita baba alimtania, "Shemeji, mkufu huo hata mkeo hana." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu akamatwe.

Kisha akafungua furushi mbele ya Mzungu wa boma. Ngozi ya ndama iliyoraruliwa, na ngozi ya chui yenye tundu la risasi. Akasema, mkalimani akafuata:

"Bwana, kama hii si sababu ya haki, niandikie iliyo ya haki. Nitaibandika zizini, chui aisome."

Mzungu akatia kidole kwenye tundu lile. Akamwuliza akida sababu za haki ni zipi. Akida akataja moja, akafikiri, akairudia ileile. Basi Mzungu akakigeuza cheti, akaandika nyuma: kulinda mifugo, popote ilipowekwa. Mnyororo ukafunguliwa.

Kuluthumu, asante. Mtamba wa kwanza aliyezaliwa baadaye tumempa jina lako, na hauzwi. Mzungu simshukuru, yale maneno yasiyo na mpaka yalitoka mezani kwake.

Cheti kilichopona ni kimoja. Vya jirani zetu bado vinasema vilevile. Kwa hiyo wewe, msomi wa kucha, inuka. Kusanya vyeti vya kijiji chako leo, kabla akida hajafika, uvipeleke boma, na usiondoke pale mpaka nyuma ya kila kimoja pameandikwa.