Aliyepinda Tairodi

Kigari chao walikiita Mbuzi kwa sababu kilipanda penye mawe bila kulalamika. Kilikuwa na viti viwili mbele, vyuma vya kujikinga juu badala ya paa, magurudumu manene yenye meno, na karai kubwa nyuma ambamo ndoo za asali zilisafiri kutoka kwenye mizinga ya mlimani. Mwenye kigari aliitwa Mrina na kila mtu, mkewe akiwemo. Kazini alisaidiwa na mdogo wake, ambaye tangu utotoni alibandikwa jina la Spidi.

Jina hilo ndilo lililomponza. Siku Mrina alipoona usukani umekaa upande wakati Mbuzi anakwenda moja kwa moja, na pua yake inayumba huku na huku kama mtu aliyetoka kilabuni, hakujiuliza kumetokea nini. Alijiuliza Spidi alikuwa wapi.

"Umegonga nini?" alimwuliza wakati wa chai ya asubuhi.

"Sijagonga kitu, kaka."

"Usukani haupindi wenyewe."

"Hata mimi nimeona anayumba. Nilidhani unajua."

Spidi akarudi kwenye chai yake. Mrina akaondoka na yale maneno, akayatafuna siku nzima. Nilidhani unajua. Mtu asiye na lake angesemaje? Angesema sijui, angeapa, angekasirika kidogo. Huyu kajibu polepole, kama mtu aliyejipanga.

Tangu hapo ufunguo ukahamia mfukoni mwa Mrina. Jioni alichora alama ya chaki pale tairi lilipogusa sakafu ya banda, ili ajue kama Mbuzi atatoka bila yeye. Alipomwona mdogo wake ameinama karibu na magurudumu, alikuja kwa kunyata. Akakuta Spidi anafunga kamba ya kiatu, macho kwenye chaki.

"Hii ni ya nini, kaka?"

"Ya kazi."

Spidi akamaliza kufunga kamba, akainuka. Kabla ya wiki kwisha alifungasha nguo zake, akamuaga shemeji yake, akahamia mjini kwa dada yao mkubwa, fundi seremala mwenye karakana yake.

"Umeona?" Mrina alimwambia mkewe. "Mtu hakimbii asipokuwa na jambo."

"Au amechoka kuangaliwa kama mwizi kwao."

"Wewe unamtetea sana siku hizi."

Mkewe alimtazama, akaendelea kukunja nguo. Mrina naye akaliweka lile jicho pamoja na mengine aliyokuwa akiyahifadhi.

Asubuhi moja, kazi ikiwa imelala, aliamua kumpima Mbuzi kutoka pua hadi mkia. Atauona ushahidi, ataubeba mkononi, ataupeleka kwa dada yao auweke mezani. Kwa kuwa upimaji ulihitaji mtu wa pili, ikambidi amwite huyo huyo mkewe.

Alianza na upepo. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelegea kuliko la kulia, akatabasamu. Akalijaza, akazunguka uwanja. Usukani ulikuwa bado umekaa upande na pua bado inayumba.

Akainua mbele kwa jeki. Alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, akisikiliza kama beringi au viungo vinacheza. Kimya. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa tena. Akamwagiza mkewe aweke kidole kwenye kila kiungo, kwa maana kidole husikia kile ambacho jicho halioni. Vyote vilikuwa vizima.

"Ameshabadilisha vipuri," alinong'ona.

"Kwa hiyo kikiwa kibovu ni yeye, na kikiwa kizima ni yeye," mkewe alisema. "Kazi anayo."

Mrina alimteremsha Mbuzi, akaunyoosha usukani na kuufunga kwa kamba kwenye kiti usigeuke. Kisha wakavuta uzi kila ubavu, kutoka gurudumu la nyuma hadi mbele ya lile la mbele, ukakaa sambamba na kigari. Kutoka kwenye uzi alipima ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yametazama nje, kama miguu ya bata. La kulia lilizidi kidogo tu.

Hapo alichuchumaa muda mrefu. Mtu akigonga kisiki, huumia upande mmoja. Hawezi kugonga visiki viwili kwa mpigo, kushoto na kulia.

Akapitisha kiganja juu ya meno ya matairi. Kwa ndani yalikuwa yamelika, tena yamelika kwa mkato: ukipapasa kwenda huku ni laini, ukirudi yanakwaruza. Tairi linaloburuzwa kidogo kidogo hulika hivyo, na halifanyi hivyo kwa siku chache.

"Hili si jambo la juzi," alisema. "Lilianza zamani. Lilianza kabla sijaligundua."

"Wakati gani?"

Akahesabu nyuma kichwani. Kabla ya mvua kukatika. Majuma yale ambayo Spidi alilala na homa, hata mlango wa banda hakuufikia.

"Wakati ule nani alikuwa akimwendesha Mbuzi?" aliuliza, na kabla hajamaliza alikwisha kugeuka.

"Mimi na wewe," mkewe akajibu. "Na hivyo unavyoniangalia sasa, nilijua utafika tu. Haya, niulize. Umegonga nini?"

Mrina hakuuliza, ingawa swali lilikuwa mdomoni. Alijilaza chali, akajisukuma chini ya pua ya Mbuzi akiwa na tochi.

Tairodi ni fimbo za chuma zinazotoka kwenye usukani kwenda kila gurudumu. Alizitazama kila siku alipopaka grisi, lakini hakuwa amezitazama kwa kuzilinganisha. Sasa alizipima kwa rula ndefu, akaona mwanga ukipita kati ya rula na chuma. Zote mbili zilikuwa zimebonyea kuelekea chini. Fimbo ikibonyea hufupika, ikifupika huvuta nyuma ya gurudumu ndani, nayo mbele ikatoka nje. Jiwe lingezisukuma juu. Hizi zilivutwa.

Juu ya kila fimbo, rangi ilikuwa imechubuka kwa upana wa vidole viwili. Na kwenye nati ya upande wa kulia palikuwa pamenasa nyuzi chache za rangi ya chungwa.

Mrina alizima tochi.

Mikanda ya chungwa ilikuwa yake. Alikuwa ameinunua kwa safari moja, siku chache kabla ya homa ya Spidi, walipohamisha mizinga ng'ambo ya mto kwa lori la kukodi. Spidi alikuwa amekwisha kumfunga Mbuzi juu ya lori, kwenye fremu, mbele na nyuma. Mrina alikuja, akatazama, hakuridhika. Mtu mwenye haraka hafungi sawasawa. Akaifungua mikanda ya mbele, akaipitisha palipokuwa rahisi kufikia, juu ya zile fimbo mbili, akaikaza kwa nguvu zake zote mpaka pua ya Mbuzi ikainama. Halafu barabara ya mashimo ikamalizia.

"Umemwona?" mkewe aliuliza kutoka juu.

"Nani?"

"Huyo unayemtafuta."

"Nimemwona," akasema.

Alitoka na grisi kwenye kipaji, akamweleza. Alitarajia kuchekwa, na kuchekwa kungemsaidia. Mkewe hakucheka. Alikuwa akiukunja uzi kwenye vidole.

"Nenda kamwambie mwenyewe," alisema. "Mimi sikubebei huo mzigo."

Fimbo mpya zilipopatikana, alizifunga mwenyewe, akapima upya kwa uzi mpaka magurudumu yakatazamana na njia. Kisha akamteremsha Mbuzi mpaka karakana ya dada yao. Dada hakuwepo. Spidi alikuwa akisugua mlango kwa msasa, nywele zimejaa vumbi la mbao.

Mrina alisema yote akiwa bado amesimama. Mikanda, fimbo, lori. Alisema na neno samahani, nalo likatoka kwa shida.

"Nilijua," Spidi akasema.

"Ulijua?"

"Niliona ulipopitisha mkanda. Nikakuambia, kaka, si hapo. Ukaniambia nikashike mlango wa lori."

"Sasa kwa nini nilipokuuliza hukusema?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Mrina aliangalia msasa. Angeweza kusema ndiyo.

"Nani amekutuma?" Spidi akauliza. "Dada? Shemeji?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Au mizinga imejaa, mikono imepungua?"

"Imejaa. Lakini si hilo lililonileta."

Spidi alipangusa mikono, akatoka nje. Aliinama chini ya Mbuzi, akatazama fimbo moja, akaenda upande wa pili akatazama ya pili, kama fundi asiyemwamini fundi mwenzake. Kisha akanyoosha kiganja. Mrina akatoa ufunguo mfukoni.

Spidi alimwendesha Mbuzi mpaka mwisho wa mtaa, akageuza, na aliporudi alikuwa ameuachia usukani, mikono yote miwili juu. Mbuzi alikuja moja kwa moja, pua haikuyumba.

"Yuko sawa," alisema alipozima. "Wakati wa kurina nitakuja. Lakini kulala nitalala hapa."

Hapa kuna nini? Dada kamwahidi nini? Maswali yalimjia Mrina kwa mpigo, yote yamevaa viatu tayari kutoka. Akafunga mdomo, akaitikia kwa kichwa, akapokea ufunguo.

Nyumbani mkewe alikuwa mlangoni. Alitazama kiti cha pili, kilikuwa kitupu.

"Amekubali?"

"Nusu."

"Nusu si haba," mkewe akasema, akampisha aingie.